Nilivaa Suti ya Kuzikiwa ya Baba Mkwe Kwenda Kula Melini

Jina langu naomba mlifiche, ingawa sijui kama itasaidia. Sura yangu iko kwenye kalenda ya ukutani, imebandikwa katika maduka ya pembejeo kuanzia Makambako mpaka Ludewa. Fungua mwezi wa Machi utaniona nimesimama, mdomo wazi, nimevaa suti ya kahawia. Suti ile si yangu. Ni ya baba mkwe wangu, ambaye aliiweka azikiwe nayo, nami nikaivaa kwenda kula.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Nilikosa! Nilikosa sana, ndugu zangu, na wala sitamsingizia shetani. Aliyenisukuma ni kinyozi.

Ngoja nianze na Mzee, maana bila kumjua Mzee hamtaelewa nimepoteza nini. Baba mkwe wangu ni mstaafu wa reli, anaishi Makambako, pale ambapo upepo ukiamua unakuvua kofia na kuipeleka kwa jirani. Alipostaafu alishonewa suti ya sufu nzito, kola pana, ya mtindo wa zamani zile. Aliivaa mara moja tu, siku ya kuagwa. Siku hiyohiyo kifungo kimoja kikapotea. Mzee hakununua kingine. Alikata kifungo cha shaba kwenye sare yake ya kazi, akakishona mwenyewe. Kwa hiyo suti ina vifungo viwili vya kahawia na kimoja cha shaba kinachong'aa. Kikumbukeni hicho kifungo.

Baada ya hapo aliikunja, akaitia katika sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, akatangaza kuwa sanduku hilo halitafunguliwa mpaka siku yake ifike. Hakuna aliyebisha.

Mwaka juzi aliugua kichomi. Alipopata nafuu alituita wakwe zake wawili, mimi na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Huyu mwanyumba ni mtu wa kuazima bila kuomba. Aliazima toroli langu, mpaka leo sijui liliko. Aliazima ngazi ya Mzee, ikarudi imepungua vipandio viwili. Basi Mzee alitukalisha sebuleni, akatoa ufunguo wa lile sanduku, akanyoosha mkono, ukampita mwanyumba, ukafika kwangu.

Jamani, nilifurahi! Wakwe zangu ni Wabena, mimi ni Mkinga wa Makete. Siku ya posa kuna shangazi alisema mbele yangu kwamba Wakinga wanajua kuuza tu. Ilinichukua miaka kumi na minne kutoka kwenye maneno ya shangazi yule mpaka kwenye ufunguo ule. Niliufunga pamoja na funguo za dukani, nikawa nautikisatikisa kila nikimwona mwanyumba.

Sasa njooni kwenye meli.

Nina duka la pembejeo Njombe mjini. Nauza mbegu, mbolea na dawa za viazi. Mwaka jana kampuni ninayouzia bidhaa zake iliamua kuwapa zawadi mawakala waliofanya vizuri: siku tatu katika meli ya kitalii, tunapandia Dar es Salaam, tunakwenda mpaka Mombasa, tunarudi kupitia Unguja. Ujumbe ulikuja kwa simu na ratiba yake. Kila kitu kilikuwa cha kufurahisha mpaka mstari wa chini kabisa: "Jioni ya pili, chakula cha pamoja. Mavazi rasmi."

Mavazi rasmi! Mstari huo ulinikosesha raha kabisa.

Mke wangu alisema shati jeupe na suruali nyeusi vinatosha, kwaya nzima inavaa hivyo na Mungu hajalalamika. Angeishia hapo ningekuwa salama leo. Lakini nilikwenda kunyoa. Kinyozi wangu hajawahi kuona maji mengi kuliko bwawa, ila ana simu yenye video nyingi. Akaniambia kwamba katika meli hizo mlangoni pa chumba cha chakula anasimama mtu mwenye kazi moja tu, kutazama shingo. Shingo isiyo na tai hairuhusiwi. Inarudishwa chumbani na ndizi moja.

Waliokuwa wakisubiri zamu wakaanza kubishana. Mmoja akasema mavazi rasmi ni shati la kuchomekea. Mwingine akasema ni kaunda suti. Kinyozi akawazima wote kwa video ya wazungu wamevaa suti nyeusi wanakula samaki. Mimi nikajiona nimesimama koridoni na ndizi yangu, mawakala wa Mbeya na Iringa wananipita wakienda kula.

Sipendi kuaibika. Huo ndio ugonjwa wangu, na nimeulipia.

Suti ninayo, ya harusi. Niliijaribu, suruali ikafika mapajani ikagoma. Viazi vya Njombe vimenifanyia kazi yake miaka kumi na minne. Nikaenda mitumba ya Makambako nikapekua mpaka wauzaji wakanichoka. Makoti ya baridi yapo tele, lakini suti zote zilikuwa za watu wembamba. Fundi cherehani akaniomba wiki mbili, nami nilikuwa na siku nne.

Nikakumbuka kwamba Mzee, wakati anashonewa ile suti, alikuwa na tumbo kama langu.

Mnaniuliza kwa nini sikuomba. Swali zuri. Siku hizo Mzee na Bibi, yaani mama mkwe wangu, walikuwa hospitali ya Ikonda, Mzee amelazwa kwa matibabu ya macho. Simu nilikuwa nayo, na salio lilikuwamo. Lakini hebu fikirini ninyi wenyewe: utampigiaje mzee aliye kitandani hospitalini, umuulizie suti yake ya kuzikiwa? Si atadhani madaktari wamenong'onezana nami jambo! Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikajiona mwenye huruma kabisa, mkwe anayelinda afya ya mzee wake.

Uongo mtupu. Niliogopa atanikatalia.

Nilikuwa nakwenda Makambako kuchukua mzigo wa mbolea, na Bibi alikuwa ameniachia kazi ya kuiangalia nyumba. Nikaingia, nikapiga magoti, nikalivuta sanduku. Ufunguo ukazunguka bila kelele. Harufu ya vile vidonge ilinipiga mpaka machozi yakatoka, na sikujua kama ni harufu au ni dhambi. Nikaijaribu palepale mbele ya kioo cha Bibi. Ilinienea! Ilibana kidogo kwapani, basi. Nikaitia katika mfuko mpya wa mbolea, nikarudisha sanduku mahali pake. Mke wangu nilimwambia nimepata suti ya mtumba, na mfuko sikuufungua mbele yake.

Siku ya pili melini, jioni, nikavaa. Mnajua sisi wa Njombe, suti bila sweta ndani tunajiona uchi. Nikavaa na sweta. Pwani, jamani! Joto lile la pwani, nami nimevaa sufu juu ya sufu! Kabla sijafika ngazi ya kwanza jasho lilikuwa linatiririka mgongoni. Nikafunga vifungo vyote vitatu, tai nikaikaza, shingo nikaiweka tayari kutazamwa.

Nikafungua mlango wa chumba cha chakula.

Hakuna suti. Nimesema hakuna! Ukumbi mzima umevaa fulana za kijani za kampuni. Kumbe ratiba ilibadilishwa asubuhi, wakatuma ujumbe kwenye kundi la simu na fulana zikagawiwa, nami kifurushi cha intaneti kilikuwa kimekwisha na mchana kutwa nilikuwa chumbani naipiga suti pasi. Wakala mwenzangu wa Makambako alikuwa amevaa fulana hiyo na pensi na ndala. Akanitazama juu mpaka chini, akainuka, akanishika mkono kwa masikitiko.

"Kaka, nani amefariki?"

Nilitaka kurudi chumbani, hata bila ndizi. Lakini mhudumu wa mlangoni aliponiona aliinama, akaniongoza moja kwa moja hadi meza ya mbele. Alidhani mimi ndiye mgeni rasmi. Nikakalishwa kati ya meneja wa kanda na nahodha wa meli, mzungu mmoja mpole. Nahodha akapiga chafya. Akaomba radhi, akapiga nyingine. Akasogeza kiti chake kidogo, na kidogo tena, mpaka tukawa tunapeana chumvi kwa kunyoosha mikono. Vile vidonge vya nondo vilikuwa bado vina nguvu.

Ikaja supu ya nyanya. Jasho likawa linadondokea kwenye bakuli. Nikatia mkono mfuko wa ndani wa koti kutafuta cha kujifutia, nikakuta karatasi laini iliyokunjwa. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nikajifuta uso, nikajifuta na mdomo wenye supu.

Mshereheshaji akaniona nimeshika karatasi. Akachukua kipaza sauti, akasema mgeni wetu huyu wa mezani, mtu pekee aliyeheshimu chakula, amekuja na hotuba yake mkononi, tumpigie makofi. Makofi yakapigwa. Kipaza sauti kikaja mdomoni. Mpiga picha wa kampuni akasogea.

Ndugu zangu, mtu aliyebanwa kwapani na kushangiliwa na watu mia hafikirii. Nilisimama, nikakunjua karatasi, nikasoma kilichoandikwa kwa sauti ya darasani.

"Ndugu zangu, kama mnaisoma karatasi hii, basi mimi nimeshatangulia."

Ukumbi ukaangua kicheko! Meneja akagonga meza. Nami mdomo ulikuwa umeshashika njia, haukusimama. Nikasoma: "Msilie sana, maana nimekula vya kutosha." Wakacheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. "Vifungo vyote vifungwe, hata cha shaba. Wimbo wa kwanza usiburuzwe, kwaya yetu ina tabia hiyo."

Hapo ndipo mwandiko uliponiingia akilini. Ni mwandiko wa Mzee, ule wa kulala upande kama mabehewa kwenye kona. Macho yangu yakatangulia mdomo, yakasoma mstari wa mwisho kimyakimya.

Uliandikwa hivi: "Sanduku afungue mkwe wangu wa Njombe. Katika nyumba hii yeye peke yake hajawahi kugusa kitu changu bila kuomba."

Nikaishusha karatasi. Watu wakasubiri, wakadhani ni sehemu ya mzaha. Mimi nimesimama ndani ya suti ya mtu yule, jasho langu ndani ya bitana yake, supu yangu juu ya maneno yake.  Mwishowe nikasema "Amina" nikakaa, na makofi waliyonipigia hayajawahi kupigiwa mtu aliyemwibia mkwewe.

Mpiga picha alikuwa ameshapiga.

Niliporudi Njombe nilimpa dobi suti, akaifua vizuri, jasho likaisha. Karatasi haifuliwi. Nilijaribu kuipiga pasi ili doa la supu lififie, likazidi kukolea. Nikaikunja vilevile, nikairudisha mfukoni, suti sandukuni, sanduku chini ya kitanda. Wiki moja baadaye Mzee akatoka Ikonda macho yamefunguka, anasoma hata maandishi madogo ya pakiti ya chumvi. Wote tukamshukuru Mungu. Mimi nilishukuru kwa wasiwasi.

Ningeweza kusema wakati ule. Miezi mitatu nilikwenda kwake, nikala kwake, akanisomea gazeti kwa fahari ya macho mapya, nami nikawa natazama miguu yangu. Kila mara nilisema nitamwambia nikija tena. Mnajua ilivyo. Uongo wa suti unaweza kuvumilika, lakini ule ukimya wangu wa kila Jumapili ndio ninaoujutia zaidi.

Desemba kampuni ikatoa kalenda. Nilipofungua boksi langu na kufika Machi, niliifunga haraka, nikaifungua tena! Ni mimi, ukurasa mzima, karatasi mkononi, na kifungo cha shaba kimeng'aa kuliko meno yangu. Nikazificha zote nyuma ya magunia, wateja wangu wakaanza mwaka bila kalenda. Nikajisahaulisha kwamba Makambako nako kuna duka.

Mzee akaenda dukani pale kununua dawa ya kuku. Wakala mwenzangu, yule wa ndala, akampa kalenda ya bure na kwa furaha kabisa akamfungulia Machi. Akamwuliza, si mkwe wako huyu? Mzee akatazama kwa macho yake mapya. Akasema ndiyo, ni yeye. Akashukuru, akaikunja kalenda, akarudi nyumbani na dawa yake ya kuku.

Hakunipigia simu. Bibi ndiye aliyempigia mke wangu, akasema Jumapili mje mle, na mkwe avae vizuri.

Nilivaa shati na tai. Njia nzima ya Njombe kwenda Makambako niliilegeza tai na kuikaza tena. Mke wangu alikuwa ameshaiona Machi kwa jirani.

Tukafika. "Kamwene," nikamsalimu kwa Kibena. "Kamwene," Mzee akajibu, kama kawaida. Kalenda ilikuwa ukutani juu ya kiti chake. Mwezi ulikuwa Januari, lakini imefunguliwa Machi. Mwanyumba alikuwepo, amekaa kwa adabu mpya ambayo sijawahi kuiona kwake. Bibi akaleta ugali na kuku, tukanawa, tukala. Mzee alisubiri mpaka nimeweka tonge mdomoni.

"Mkwe wangu, ilikubana wapi?"

"Kwapani, Baba."

"Nilijua. Yule fundi alikuwa mvivu wa makwapa." Akachovya tonge lake. "Na hao wenzako, walivaa suti?"

"Hapana, Baba. Fulana."

Mwanyumba akakohoa kuficha kicheko. Mzee hakucheka. Akatoa mfukoni karatasi yenye doa, kumbe Bibi alikuwa na ufunguo wa akiba, akaiweka kando ya sahani yangu.  Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti palepale mbele ya wake na watoto, nikamwomba msamaha. Nililia, sitaficha. Mtu mzima, na tai shingoni, nikalia juu ya kuku.

Mzee akanishika bega, akaniinua.

"Ungeniomba, ningekupa," akasema. "Ningekupa na viatu."

Hayo tu. Hakupandisha sauti. Afadhali angenichapa! Kisha akafungua kiganja chake, na nikaelewa anachongoja. Nikatoa funguo zangu, nikahangaika na ile pete mpaka kucha ikakatika, nikauweka ufunguo mkononi mwake. Mzee akanyoosha mkono. Safari hii ulinipita mimi, ukafika kwa mwanyumba.

Mwanyumba! Mtu wa toroli! Aliupokea kwa mikono miwili, akanitazama, akautikisa.

Sasa ngojeni la mwisho. Pasaka hii ukoo wote ulikutana kanisani, na baadaye tukapanga mstari kwa picha. Mimi nilikuwa na sweta langu la kila siku. Mwanyumba akatokea, kavaa suti ya kahawia ya sufu, kola pana, kifungo cha shaba kinametameta kwenye jua. Miguuni ana viatu vyeusi vya Mzee, vimepakwa dawa mpaka unajiona. Damu ilinipanda. Nikamfuata Mzee pembeni, nikamnong'oneza kwamba Baba, tazama, huyu naye ameifungua, naye ni kama mimi.

Mzee alitabasamu kama mtu aliyengojea swali hilo tangu Januari.

"Aliomba," akasema.

Ndugu msomaji, wateja wangu bado wananiuliza kama melini ni lazima suti. Mimi si mtu wa kuulizwa. Vaa fulana, vaa kanzu, jifunge shuka, na wakikurudisha chumbani na ndizi, kula ndizi yako kwa amani. Ila kama nguo si yako, piga simu kwa mwenyewe kwanza, hata kama yuko hospitalini, hata kama ni ya kuzikiwa. Neno la kuomba ni fupi, na lingeniachia ufunguo wangu.

Na wewe mwanyumba, najua unasoma hapa. Sasa kwa kuwa umejifunza kuomba, naomba na mimi: nirudishie toroli.